Risala ya Vijana wa Kola kuhusu Mafunzo ya Uhandisi wa Programu

Mheshimiwa Waziri wa Elimu,

Sisi vijana wa Kola, Kaunti ya Machakos, tuliosomea uhandisi wa programu na tunaoendelea kuusomea, tunakuandikia kuhusu mafunzo hayo. Konza, mji wa teknolojia aliouzindua Rais Kibaki Januari 2013, hauko mbali nasi. Wazee hutuuliza mbona hatujaajiriwa huko. Tumechoka kujibu kwa kukohoa.

Vyuoni tulikosoma, mtihani wa programu huandikwa kwa kalamu. Karatasi haiendeshi programu, basi mhadhiri hubaki kusahihisha nukta na mabano. Mtu anahitimu hajawahi kukagua msimbo wa mwenzake wala kutumia Git, chombo cha kufuatilia mabadiliko ya msimbo kilichoanza mwaka 2005 na ambacho hakikosi kuulizwa kwenye usaili. Safaricom ilifungua Daraja, jukwaa lake la wasanidi programu, mwaka 2017 ili mifumo ya watu iunganishwe na M-Pesa. Sisi bado tunafundishwa kujenga duka lisilopokea malipo kwa simu. Duka gani hilo, Kenya hii?

Miezi mitatu ya mafunzo kazini wengi wetu tuliimaliza tukipiga fotokopi.

Kisha ikaja ChatGPT, Novemba 2022. Vyuo vyetu viliipiga marufuku, yakaishia hapo. Waajiri wanaitumia, na wanamtaka mtu awezaye kuona kosa katika msimbo ulioandikwa na mashine. Hilo hatukufundishwa.

Huku Ukambani, mwethya, yaani kikundi cha kazi ya pamoja, ukishachimba matuta ya fanya juu hauyapi kisogo. Mvua ikiyabomoa, watu hurudi na majembe. Programu nayo hudai kurudiwa hivyo. Mradi wetu wa mwisho hutetewa asubuhi moja, ukafungiwa kabatini.

Tunadai, kwa ushauri wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, mtihani wa programu ufanyiwe kwenye kompyuta, na akili unde ifundishwe waziwazi. Mradi wa mwisho utumiwe na sacco au zahanati halisi kwa mihula miwili, alama zitokane na jinsi ulivyotunzwa. Mafunzo kazini yasimamiwe na mhandisi anayeifanya kazi hiyo. Wahandisi wa aina hiyo waruhusiwe pia kufundisha bila kudaiwa uzamivu, na wahadhiri wetu, ambao hatuwalaumu kwa mtaala waliourithi, wapewe likizo yenye mshahara wakafanye kazi katika kampuni za programu.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya muhula wa Septemba.

Wako watiifu,
Vijana wa Kola