Ngome ya Gaillard na raia waliokataliwa pande zote mbili

Sekondari niliisomea ukimbizini, kambini mkoani Kigoma, kwa mtaala wa Burundi na kwa Kifaransa. Katika somo la historia tulikariri sentensi moja: mwaka 1204 Mfalme Philippe Auguste aliiteka ngome ya Château-Gaillard, na Normandie ikawa ya Ufaransa. Nilipata alama zangu. Leo mimi mwenyewe ni mwalimu, na naona sentensi ile ilitunyima jambo lililotuhusu hasa sisi tulioketi kwenye madawati yale.

Ngome hiyo iko Les Andelys, juu ya mwamba unaotazama mto Seine. Richard, mfalme wa Uingereza aliyeitawala pia Normandie, aliijenga kati ya 1196 na 1198. Miaka miwili tu! Sababu ilikuwa mpaka: Philippe alikuwa jirani, na mto ule ndio njia ya kwenda Rouen. Wafanyabiashara wa mpakani watanielewa nikisema mahali pale palitozwa ushuru wa vyombo vya mtoni, na mapato yalikuwa ya askofu mkuu wa Rouen. Richard alijenga bila ridhaa yake, askofu akasimamisha ibada Normandie nzima. Mwaka 1197 wakapatana, askofu akafidiwa mali nyingine, ikiwemo bandari ya Dieppe. Wakubwa hawakosi fidia.

Chini ya mwamba Richard alianzisha pia mji mdogo, Petit Andely, watu wakahamia. Yeye akafa 1199, mdogo wake John akarithi. Mwaka 1203 Philippe akaja na jeshi. Mji ukatekwa na raia wakakimbilia ngomeni, zaidi ya elfu moja.

Kamanda wa ngome, Roger de Lacy, alipopima akiba ya chakula aliamua kuwatoa. Kundi la kwanza, kama watu 500, askari wa Philippe waliwapisha. La pili nalo likapita. Philippe alipopata habari akakataza, kwa hesabu kwamba raia wakibaki ndani chakula kitaisha upesi. Kundi la mwisho lilipotoka lilipokewa kwa mishale. Wakarudi mbio, wakakuta lango limefungwa.

Wakabaki pale mteremkoni, kati ya kuta na mitaro ya wazingiraji, majira ya baridi, bila paa, wakila majani na mbwa. Wengi walikufa. Aliyeyaandika haya ni Guillaume le Breton, kasisi wa Philippe mwenyewe, aliyekuwepo. Februari 1204 Philippe alipofika aliamuru waliosalia walishwe na kuachiwa. Ngome ikaanguka Machi 6, na Rouen mwezi Juni.

Wapo watakaosema de Lacy alifanya kazi ya askari. Sikatai kwamba chakula kilikuwa kidogo. Lakini watu wale walihamia chini ya ukuta ule kwa sababu bwana wake alijenga mji pale, na kwa maoni yangu anayeweka watu mpakani kwa faida yake ana deni nao siku mpaka unapowaka moto. Philippe naye simpi sifa ya huruma: lango alilolifungua Februari ni lile lile alilolifunga mwenyewe.

Mwaka 1993, nikiwa mtoto, nililala usiku mbili kwenye nyasi kati ya vizuizi viwili. Nyuma hatukutakiwa, mbele hatujakubaliwa. Miaka michache baadaye nikakariri Château-Gaillard bila kujua kwamba mle ndani mlikuwa na watu kama mama yangu.

Wanafunzi wangu hupenda kisa cha askari waliopenya ngomeni kupitia shimo la choo. Wengine husema lilikuwa dirisha la kanisa dogo, na ubishi huo haujaisha. Acha wacheke. Muhula huu nitaanza somo na mteremko ule, kisha ndipo nimtaje mfalme.