Askari Mkongwe na Amri za Mpigo Mmoja

Upo usemi uliozoeleka makambini na vituoni kwamba askari akishafika umri wa miaka 50 kichwa chake kimechoka. Twaona yafaa usemi huo upimwe, kwani kwa ajili yake wako wanaonyimwa zamu ya simu ya upepo au ya meza ya kupokea mashtaka, tena wakidhihakiwa mbele ya makuruta.

Ukweli uliomo si haba. Wataalamu huitenga kumbukumbu ya mambo ya zamani na kumbukumbu ya kazi, yaani ule uwezo wa kushika mambo machache akilini huku ukiyatumia, ambao Alan Baddeley na Graham Hitch wa Uingereza waliueleza mwaka 1974. Hata kwa kijana uwezo huo ni mdogo, aghalabu mambo manne hivi. Umri unapozidi hupungua, na pamoja nao hupungua wepesi wa kupuuza yasiyohusika. Mtu mzima akitajiwa tarakimu huzirudia bila taabu kubwa. Akiambiwa azirudie kinyumenyume, hapo ndipo anapotatizika.

Hata hivyo, majeshi yenyewe yametuachia funzo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Jeshi la Marekani liliwapima askari wake kwa mtihani ulioitwa Alfa, na taarifa ya mwaka 1921 ilionyesha maafisa wenye umri mkubwa wakipata alama chache kuliko vijana. Wengi walidhani shauri limekwisha. Baadaye William Owens aliwarudishia mtihani huo wanaume 127 walioufanya mwaka 1919 wakiwa wanafunzi wa chuo huko Iowa. Miaka 30 ilikuwa imepita, na kwa jumla alama zao hazikushuka; katika maarifa na maana za maneno zilikuwa zimepanda. Kumbe wale wa 1921 walikuwa watu wa vizazi mbalimbali, wasiosoma sawasawa.

Basi lawama tunaielekeza kwenye namna ya kutoa amri. Mkuu wa zamu anayetaja namba ya gari, jina la barabara, idadi ya watu na saa kwa mpigo mmoja, huku redio ikikoroma na mlalamikaji akigonga meza, amemtwisha sajini mzigo ambao hata koplo wa miaka 25 angeudondosha nusu. (Koplo hatakiri.) Amri na itolewe kipande kwa kipande, iandikwe papo hapo, isomwe tena kwa sauti, na anayeandika asikatizwe. Usukani na simu ya upepo visikabidhiwe mtu mmoja. Naye aliyekesha usiku wa pili mfululizo, awe kijana au mkongwe, asiachiwe peke yake funguo za ghala la silaha.