Kiatu Kwanza, Magurudumu Baadaye

Wasee wa Maseno, nani aliwadanganya ati ukinunua skeiti za mbio utajua kuskeiti haraka? Hiyo ni kutupa pesa, na pengine kuvunja mkono.

Skeiti za mbio zina magurudumu ya milimita 100 hadi 125. Kiatu chake kinaishia chini ya kifundo cha mguu, na nyingi hazina breki. Zimetengenezewa mtu anayejua tayari. Wewe bado unashikilia ukuta, halafu unataka kuteremka nazo barabara ya Kisumu katikati ya matatu na boda? Zii.

Anayeanza atafute magurudumu ya milimita 72 hadi 80, kiatu kinachofunika kifundo, na breki ya kisigino. Ukizipata kwenye mitumba ya Kibuye, usikimbilie rangi. Vaa na soksi, funga kamba, piga goti: kisigino kikiinuka ndani, rudisha. Na ile story ya "mguu utajaa tu" wachana nayo.

Kigumu zaidi pia si dawa. Hata kwa barafu, kama ile iliyofunguliwa Panari, Nairobi, mwaka 2005, kiatu cha wanaoruka na kuzunguka hewani ni kigumu mno kwa anayeanza. Hawezi kukunja kifundo, na bila hiyo atadhibiti mwili aje?

Wanaokuambia "nunua za mapro mara moja" hawatakulipia plasta hospitalini. Nunua za kiwango chako cha leo. Jifunze kusimama kwanza, mbio zitakungoja.