Nimelipa 20,000 kumsikia Mbaraka, nikasikia kinanda

Mwandishi, umewasifu mno wapigaji wa zilipendwa wa siku hizi. Jumamosi nilitoka na mama watoto, tukalipa shilingi 20,000 kila mmoja kwenda usiku wa kumuenzi Mbaraka Mwinshehe. Tangazo lilisema saa mbili. Bendi ilipanda jukwaani saa tano kasoro, mishikaki imeshapoa. Saksafoni hakuna, kijana anabonyeza kinanda eti ndiyo hiyo hiyo. Mwimbaji anasoma maneno kwenye simu, mwanga ukizima naye ananyamaza.

Hayo ningesamehe. Lakini Mbaraka alikuwa mpiga gitaa la solo jamani! Pale waimbaji wanapokaa kimya, gitaa likashika chemko, ndipo palipotutoa nyumbani. Wao wakifika hapo wanakata, wanaanza kutaja majina ya waliokaa meza za mbele ili watunzwe. Mzee wa meza ya jirani, aliyesema alimwona Mbaraka mwenyewe enzi za bendi yake ya Morogoro Jazz, alichukua kofia yake akaondoka hata soda hajamaliza.

Marehemu Mbaraka alitutoka Januari 1979, hawezi kulalamika. Basi nalalamika mimi: nunueni saksafoni, au shusheni kiingilio.