UMEONA, UMENYAMAZA, KISHA UNAILAUMU MAHAKAMA



Ndugu yangu katika imani, wewe wa hapa Gungu, Ujiji na popote unaponisoma. Vijiweni tuna maneno haya: "Kakamatwa jana, leo yuko mtaani. Kesi imenunuliwa!" Rushwa ipo, na anayetoa na anayepokea wote wamo katika laana. Lakini leo tujitazame sisi.

Chukua mfano. Mashine ya boti imeibwa Kibirizi usiku. Watu watatu wamemwona aliyeibeba. Polisi wanamkamata, wanaandika maelezo, jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Mtuhumiwa anasomewa shitaka, anakana. Kosa lina dhamana, anapata wadhamini, anatoka. Mtaa unapiga kelele: kaachiwa!

Hapana. Dhamana siyo kushinda kesi. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mtu kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia.

Kisha inafika siku ya ushahidi. Jamhuri ndiyo inayotakiwa kuthibitisha, bila kuacha shaka ya maana. Hili si geni kwetu: Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wasallam) alifundisha kwamba ushahidi ni juu ya anayedai, kwani watu wangepewa kwa madai yao tu, wangedai damu na mali za wenzao.

Wale watatu wako wapi? Mmoja kaenda kuvua. Wa pili anasema, "Yule ni jirani yangu." Wa tatu anaogopa. Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, mwisho mtu anaachiwa. Hakimu hakuwepo Kibirizi usiku ule. Wewe ulikuwepo!

Soma Suratul Baqarah, aya ya 282 na 283. Allah anakataza shahidi kukataa anapoitwa, na anasema anayeficha ushahidi moyo wake una dhambi. Humo humo amekataza shahidi kudhuriwa. Ukiogopa, waambie polisi au mwendesha mashtaka. Nchi ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

Wapo wanaosema, "Mahakama inachelewa, tummalize hapa hapa kwa mawe." Muogope Allah! Akifa, kesi ya wizi imegeuka ya mauaji. Hiyo haina dhamana, na husikilizwa Mahakama Kuu. Kijana wako atakaa mahabusu kwa sababu ya mashine isiyokuwa yake, na Akhera damu ile inamsubiri.

Basi ukiitwa, nenda. Sema ulichokiona, usiongeze hata neno moja, kwani ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa. Hata kama mtuhumiwa ni ndugu yako wa damu.

Ya Allah, tujaalie tusimame na haki, hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako.