Mpanda Ngazi Hushuka

Kila yakaribiapo mashindano ya baiskeli ya kuzunguka Ufaransa, mabingwa aghalabu hupimwa kwa kupanda milima tu. Kipimo hicho ni nusu. Mwaka 2016 Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliwatoka wenzake kileleni Peyresourde, akateremka peke yake hadi Luchon, akashinda kwa sekunde 13 na kuvaa fulana ya manjano. Lakini mteremko huua pia: mwaka 1995 Fabio Casartelli, bingwa wa Olimpiki ya 1992, asiyevaa kofia ngumu, alianguka akiteremka Portet d'Aspet akafariki. Ndugu viongozi wa michezo, penye mwinuko pimeni pumzi na miguu. Penye mteremko pimeni macho, breki na busara. Kumpeleka mashindanoni kijana asiyejua kushuka ni kumtosa.