Mkojo wa Mlinzi Mwaupima, Masaa Yake ya Kazi Hamuyahesabu



Kila kukitajwa kinu cha nyuklia hapa Kenya, mjadala huwa ni miale, samaki na mashamba. Ni haki yetu kuuliza hayo. Watu wa Uyombo kule Kilifi walitoka Mei 2024 kusema hawataki, polisi wakawatawanya kwa nguvu na wengine wakaumia. Sasa mazungumzo yamehamia Siaya. Lakini iwe Kilifi, Siaya ama kwengineko, kuna swali moja hatujaliuliza na ndilo litakalotugusa sisi vijana kwanza: nani atakesha ndani ya kinu hicho usiku, atakuwa macho kwa masaa mangapi, na siku akikosea lawama itamwangukia nani?

Jibu la haraka mnalijua. "Pimeni wote! Anayevuta afukuzwe." Sisi wa Pwani tumelizoea jibu hili. Kijana akitoka Kisauni ama Likoni, hata kabla hajafungua mdomo kwenye usaili, kuna mtu kichwani mwake keshamwita teja. Kwa hivyo tuseme mapema, kabla sheria hazijaandikwa na kupigwa muhuri: kupima dawa za kulevya pekee, bila kuhesabu masaa ya kazi, ni kumshika mnyonge na kumwacha mwenye nguvu.

Mtu asinielewe vibaya. Simtetei mlevi. Hakuna mwenye akili zake anayetaka mtu aliyelewa akae mbele ya mitambo ya kinu. Ninachosema ni kwamba usingizi nao hulevya, na anayeusababisha mara nyingi ni yule aliyepanga ratiba.

Tuangalie Marekani, nchi yenye vinu zaidi ya 90 vinavyozalisha umeme. Tume yao ya kusimamia nyuklia, NRC, ilitoa kanuni ya upimaji mwaka 1989, ikaanza kazi Januari 1990. Kanuni ni kali. Leo hii kila mwaka wanapima kwa kushtukiza idadi inayofikia nusu ya wafanyakazi wanaoingia sehemu nyeti, na bosi mwenye kibali cha kuingia huko naye yumo kwenye bahati nasibu hiyo. Pombe hairuhusiwi masaa 5 kabla ya zamu. Ukikutwa na kilevi cha asilimia 0.04 kwenye damu, umeanguka. Ukipatikana na dawa mara ya kwanza unatolewa kwa siku zisizopungua 14 na unachunguzwa kabla ya kurudi. Mara ya pili ni miaka 5 nje. Ukikataa kupimwa ama ukibadilisha mkojo, hurudi tena.

Sawa. Na masaa ya kazi je?

Hapo ndipo utaona dunia inavyopenda kuanza na mdogo. Baada ya ajali ya Three Mile Island ya 1979, NRC ilitoa miongozo ya masaa mwaka 1982. Lakini ilikuwa na mlango wa nyuma: wakuu wa kinu wangeweza kuidhinisha mtu apitishe mipaka, nao wakautumia mlango huo kupita kiasi. Kanuni yenye meno ilikuja Machi 2008, na makampuni yakapewa mpaka Oktoba 2009 kuitii. Hesabu mwenyewe. Kutoka kanuni ya mkojo hadi kanuni ya uchovu, miaka 19.

Je, ni kwamba hawakujua? Walijua. Tarehe 31 Machi 1987, miaka miwili kabla ya kanuni ya dawa, NRC hiyo hiyo iliamuru kinu cha Peach Bottom kule Pennsylvania kizimwe. Sababu? Waendesha mitambo walikuwa wakilala kazini, ndani ya chumba cha kuongozea kinu. Kesi ile ilikuwa ya usingizi. Haikuwa ya bangi wala ya pombe.

Miaka 20 baadaye, 2007, kinu hicho hicho kikarudi kwenye habari. Safari hii ni walinzi. Walikuwa na zamu za masaa 12, na walipigwa picha za video wakiwa wamelala. Soma vizuri jinsi habari ilivyotoka. Mwezi Machi barua ya malalamiko ilifika kwa NRC. NRC wakaipeleka kwa kampuni ile ile inayolalamikiwa. Kampuni ikajichunguza, ikasema haikupata ushahidi. Mpaka mlinzi mmoja alipowarekodi wenzake na video ikafika televisheni ndipo mambo yakaamka. Faini iliyotozwa kampuni mwaka 2009 ilikuwa dola 65,000. Kwa kampuni ya umeme hiyo ni pesa ya chai.

Sasa tuje kwenye sayansi, maana hapa ndipo hoja ya "pimeni tu" inapovunjika. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ya jaribio rahisi. Watu wale wale walipimwa utendaji wao wakiwa wamekesha, halafu wakiwa wamekunywa pombe. Aliyekuwa macho kwa masaa 17 alifanya kazi kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyefika masaa 24 alikuwa kama mwenye asilimia 0.10.

Zilete hesabu hizi nyumbani. Mlinzi ameamka saa kumi na moja alfajiri, akaswali, akapeleka watoto shule, akapiga kibarua kidogo mchana kwa sababu mshahara hautoshi. Saa kumi na mbili jioni anaingia zamu ya usiku. Ikifika saa nne usiku tayari ana masaa 17 macho. Ubongo wake umeshapita kiwango ambacho Marekani wangemtoa kazini kama angekuwa amekunywa, na bado ana masaa 8 mbele yake. Mpime mkojo wakati huo, ni msafi kama maji ya mvua. Kipimo kinasema yuko sawa, na yeye hata mlango hauoni vizuri.

Na usiku haujawahi kuwa rafiki wa vinu. Three Mile Island ilianza kwenye saa kumi alfajiri. Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986, ililipuka saa saba na dakika 23 usiku. Ubovu wa kinu chenyewe ulichangia pakubwa, hilo liko wazi. Lakini jaribio lile lilipangwa lifanywe na zamu ya mchana. Wasimamizi wa gridi kule Kiev wakaomba lisogezwe kwa sababu umeme ulihitajika, likacheleweshwa kwa karibu masaa 10, likawaangukia watu wa zamu ya usiku ambao hawakuandaliwa kwa kazi ile. Uamuzi wa ratiba ulitoka juu, na waliokuwa zamu ndio waliokufa.

Hapa kwetu kuna jambo la tatu ambalo Wamarekani hawanalo: muguka. Mei 2024, mwezi ule ule wa Uyombo, magavana wa Mombasa na Kilifi walipiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha marufuku hayo. Tukabishana wiki nzima kuhusu maadili ya vijana. Ni wachache waliouliza kwa nini mlinzi wa geti na dereva wa lori wana majani shavuni saa tisa usiku. Wengine ni uraibu, kweli. Lakini wengi wanatafuna ili wasisinzie, kwa sababu akisinzia bosi atamfuta na mshahara wote utakwenda. Zamu ndefu inamtuma dukani, halafu kipimo kinamsubiri langoni. Aliyeandika ratiba ya masaa 12 kwa siku 6 mfululizo hapimwi chochote.

Ndiyo maana hatuwezi kunakili kanuni ya wenzetu neno kwa neno. Orodha yao ya dawa imetungwa kwa mitaa yao: bangi, kokeini, afyuni, amfetamini na nyenginezo. Miraa na muguka hazimo. Na mipaka ya masaa nayo lazima isomwe na macho ya hapa. Agizo la jumla la mishahara la Kenya linataja wiki ya kawaida ya masaa 52, na kwa wanaofanya kazi usiku linafika masaa 60. Yaani yule ambaye mwili wake unataka kulala ndiye aliyeruhusiwa kufanyishwa kazi zaidi! Sheria ya namna hiyo ukiipeleka ndani ya kinu cha nyuklia, umeandika ajali yako mapema.

Kuna ndugu atasema: "Lakini masaa ya ziada ndiyo mkate wetu. Mkiyapunguza tutakula nini?" Hoja hii ni nzito na haistahili kudharauliwa. Jibu langu ni kwamba mshahara unaotosha tu ukiuza usingizi wako si mshahara, ni mkopo unaoulipa kwa afya. Mradi unaotajwa kwa mamia ya mabilioni ya shilingi hauwezi kukosa pesa za kuajiri zamu moja zaidi. Hata Marekani makampuni yalilalamika sana kuhusu siku za lazima za mapumziko, mpaka mwaka 2011 yakapewa njia mbadala ya wastani usiozidi masaa 54 kwa wiki. Mwenye mali atalalamika daima. Kazi ya mdhibiti ni kusimama imara.

Kwa hivyo tunadai nini? Tuyaweke wazi.

Kwanza, mipaka ya masaa iingie kwenye kanuni siku moja na upimaji wa dawa, tusingoje miaka 19. Mfano upo: mtu asizidishe masaa 16 ndani ya 24, wala 26 ndani ya 48, wala 72 ndani ya siku 7. Apate angalau masaa 10 ya kupumzika kati ya zamu na zamu. Na hayo yawe ndiyo dari. Sisi tunataka chini ya hapo.

Pili, kanuni iwafunike wote: mwendesha mitambo, fundi, mlinzi wa kampuni ya nje na bosi wa ghorofani. Isiwe mlinzi anakojoa kwenye chupa na mkurugenzi anapita na gari.

Tatu, anayepimwa awe na haki zake. Marekani jibu la maabara haliwi hukumu mpaka daktari maalumu aongee na mhusika, kwa sababu hata dawa ya kikohozi yenye kodeini inaweza kumponza mtu. Kuna sampuli ya pili inayoweza kupimwa maabara nyengine, na kuna rufaa. Sisi tuna Kifungu cha 31 cha Katiba kuhusu faragha na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Majibu ya mkojo wa mtu yasiwe uvumi wa mtaa.

Nne, mfanyakazi akisema "nimechoka, siko salama" asipoteze kazi. Kanuni ya 2008 inalitambua tamko hilo na kuilazimisha kampuni kulishughulikia. Anayefichua naye alindwe, na malalamiko yake yasirudishwe kwa anayelalamikiwa.

Tano, aliyenaswa na uraibu apewe njia ya matibabu na ya kurudi. Tumeshazika vijana wa kutosha.

Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, na tunayo mamlaka iliyoundwa chini yake. Kanuni za utekelezaji huandikwa ofisini, mkutano wa wananchi ukaitwa kwa tangazo dogo gazetini, wakaja watu 20, ukaisha. Safari hii twende. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba taarifa. Andika barua, uliza maswali mawili tu: masaa ya juu kabisa ya kazi kwa wiki yatakuwa mangapi, na je, mlinzi wa kampuni ya nje yamo hayo masaa yake? Wakikosa jibu, piga picha ya barua yako na muhuri wa kupokelewa, utuletee hapa kwenye ukurasa.

Na kama una ndugu ama rafiki anayekesha getini usiku wa leo, mtumie andiko hili. Mwambie atuandikie kwenye maoni, bila kutaja kampuni wala jina lake: jana ulikuwa macho kwa masaa mangapi? Tutayakusanya majibu na kwenda nayo kwenye kikao cha kwanza kitakachoitwa.